Nani kwenu aliacha kuona?

Hotuba ya muuguzi wa macho kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa mitaa, Moshi, katika Wiki ya Glakoma Duniani, mwezi Machi

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Vijana wangu, hamjambo? Poleni na mvua. Najua wengine mmeshuka kutoka Uru na Old Moshi, na barabara leo ni utelezi mtupu. Nawashukuru sana kwa kuja.

Kabla sijasema lolote, naomba tufanye kitu kimoja pamoja. Nyoosheni mikono yote miwili mbele, kama mtu anayesukuma mlango. Kunjeni vidole, vibaki vidole gumba viwili vimesimama na kugusana. Fumba jicho la kushoto. Jicho la kulia likazie kidole gumba cha kushoto, usilibandue hapo. Sasa sogeza mkono wa kulia polepole kwenda kulia, lakini jicho lisiufuate. Taratibu. Taratibu tena. Ukifika kama sentimita 15, ncha ya kidole cha kulia inatoweka. Nasikia kule nyuma mmeshaanza kuguna. Mama mwenye kitenge cha bluu, kimetoweka? Kimetoweka. Endelea kusogeza, kitarudi.

Pale kidole kilipopotelea ndipo mshipa wa fahamu unapotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo, na sehemu hiyo haina uwezo wa kuona. Kila mmoja wetu amezaliwa na tundu hilo, moja kwa kila jicho. Sasa niambieni, leo asubuhi mlipotoka nyumbani, nani aliliona? Hakuna. Na kidole kilipotoweka, mliona doa jeusi? Hamkuona. Mliona ukuta wa ukumbi huu umeendelea vilevile, hauna hata kiraka. Ubongo umechukua rangi ya ukuta ukashonea palipo wazi, na haukuwaomba ruhusa.

Glakoma, huu ugonjwa ambao wengi mnauita presha ya macho, unatoboa matundu ya namna hiyo taratibu, mwaka baada ya mwaka, na ubongo unaendelea kushona. Watafiti wa London walichapisha mwaka 2013 kazi waliyofanya na wagonjwa 50. Wote walikuwa wameshapoteza sehemu ya uwanja wao wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho linaliona likiwa limetulia. Waliwaonyesha picha kadhaa, wakawaomba wachague ile inayofanana na wanavyoona wao. Hakuna hata mmoja aliyechagua picha yenye weusi. Zaidi ya nusu walisema wanaona sehemu zenye ukungu, na asilimia 26 walisema hawaoni tofauti yoyote. Hao ni watu wenye ugonjwa uliothibitishwa, wako kliniki, na bado wanakwambia wanaona vizuri.

Kwa hiyo ukimfikia mtu mlangoni kwake pale Pasua au Njoro ukamuuliza, "Mama, unaona vizuri?" akakujibu "Naona vizuri sana mwanangu," hajakudanganya. Ila swali lako limekurudisha mikono mitupu.

Nitawaambia habari za baba yangu. Alikuwa mkulima wa kahawa Kibosho. Nilikuwa bado nasoma uuguzi nilipoanza kuona mambo ambayo sikuyapa uzito. Anamimina chai, chai inapita pembeni ya kikombe. Kijiko kikidondoka, hakitazami. Anapapasa sakafu kwa kiganja, kuanzia mguu wa meza kuja kwenye mguu wake. Akitoka juani kuingia jikoni anasimama mlangoni muda mrefu, ameshika mwimo, anasema anasubiri moshi upungue, na siku hiyo moto haujawashwa. Kihambani, shamba letu la nyumbani, alikuwa anajigonga kwenye miti ya kuegemezea migomba, miti aliyoisimika mwenyewe. Mama akawa anasema, mzee ameanza uzee. Nasi watoto tukaitikia, mzee ameanza uzee.

Tulimpeleka mahali pa kutibiwa, sitapataja. Alisimamishwa mita 6 kutoka kwenye ule ubao wa herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Alisoma mpaka mstari wa chini kabisa, jicho moja moja. Akaambiwa, "Mzee, macho yako ni mazima kuliko yangu." Baba alifurahi mno, akalisimulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, wiki nzima. Hakuna aliyemtazama nyuma ya jicho, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja kuhusu chai au kijiko. Miaka mitatu baadaye jicho la kushoto halikuona hata mwanga wa tochi. La kulia lilibakiwa na kipande kidogo cha katikati: alikuwa anauona uso wangu, lakini mkono niliomnyooshea kumsalimia hauoni.

Kosa lilikuwa wapi? Kusoma herufi ndogo ni kazi ya katikati ya jicho. Glakoma kwa kawaida huanzia pembeni, na katikati huiacha mpaka mwisho. Mtu anaweza kusoma Biblia au Kurani bila shida huku hamuoni mtoto anayepita ubavuni kwake.

Nielezeni sasa, wazee wangu, mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, ukiziba kunatokea nini? Mzee hapa anasema maji yanafurika. Kweli. Jicho nalo lina mfongo wake. Kuna maji safi ndani ya jicho, na naomba msiyachanganye na machozi, maana machozi yako nje. Maji haya yanatengenezwa nyuma ya mboni usiku na mchana, yanapita kwenye tundu la mboni kuja mbele, kisha yanatokea kwenye chujio dogo lililo pembezoni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Chujio likiziba, chanzo hakijui, kinaendelea kumwaga. Presha inapanda, na ukingo unaolemewa ni ule wa nyuma, pale mshipa wa fahamu unapotokea. Mshipa huo ni kama kamba yenye nyuzi karibu milioni moja. Nyuzi zinakufa chache chache, na uzi uliokufa haufufuki.

Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Lakini wapo watu wengi wenye glakoma ambao ukiwapima utakuta presha iko ndani ya kipimo hicho, mshipa wao tu ni dhaifu. Ndiyo maana kupima presha peke yake hakutoshi kumwambia mtu yuko salama.

Na hapo hapo kwenye neno presha kuna mtego. Nimeshakutana na wagonjwa wengi wanaoniambia, "Mimi presha ya macho nimeshaanza kutibiwa, nameza vidonge." Ukiviangalia, ni vidonge vya presha ya damu. Ni mambo mawili tofauti. Mkienda kwenye nyumba semeni "presha ya macho", lakini msiondoke kabla hamjaeleza kwamba vidonge vya presha ya moyoni haviitibu hii.

Mtego wa pili ni mtoto wa jicho. Mtaani kwetu kila mtu anamjua bibi fulani aliyekuwa haoni, akafanyiwa upasuaji, kesho yake akafunguliwa bandeji akawaona wajukuu. Huo ni mtoto wa jicho: lenzi imeingia ukungu, inatolewa, inawekwa nyingine. Basi mwenye glakoma naye anasikia habari hizo, anajisemea, yangu itaiva, ikiiva nitaenda. Anasubiri. Siku anapofika kliniki, mshipa umeshakufa, na mimi ndiye ninayekaa pembeni yake wakati daktari anamweleza kwamba hakuna cha kutoa wala cha kurudisha. Nimekaa kwenye kiti hicho mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ni watu wangapi? Kazi kubwa iliyofanyika nchini kwetu ilikuwa Kongwa, mkoa wa Dodoma, na ilichapishwa mwaka 2000. Walipimwa watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, vijijini. Waliokutwa na glakoma ya aina yoyote walikuwa asilimia 4.16. Wengi wao walikuwa na ile isiyouma, isiyofanya jicho jekundu, isiyotoa hata chozi. Kongwa ni Kongwa na Moshi ni Moshi, lakini sioni sababu ya kujidhania tuko salama kuliko wao. Chukueni watu wazima 25 wa umri huo kwenye jumuiya yenu, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, kwenye kwaya. Mmoja wao huenda anayo. Na hata kwenye nchi tajiri zenye mashine kila kona, karibu nusu ya wenye ugonjwa huu hawajijui.

Mtaniuliza, si tuwapime wote basi? Ningependa. Lakini kupima vizuri kunataka mtu aliyesomea, kunataka muda, kunataka kumpanulia mtu mboni na kutazama ndani, na mara nyingine kurudia. Hata Marekani, jopo linaloishauri nchi hiyo kuhusu kinga ya magonjwa lilisema mwaka 2022 kwamba ushahidi bado hautoshi kupendekeza au kukataa kumpima glakoma kila mtu mzima asiye na dalili. Kama wao bado wanasita, sisi hatuwezi kusimamisha mashine sokoni Mbuyuni na kuwapanga watu foleni kuanzia alfajiri. Tunachoweza ni kuuliza. Kuuliza vizuri, kuandika, na kumtoa kwenye umati yule ambaye tukimpeleka kliniki kuna uwezekano mkubwa wa kumkuta na kitu.

Ndiyo kazi ya hiki kikaratasi cha maswali, dodoso mtakalopita nalo nyumba kwa nyumba. Dodoso halipimi ugonjwa. Msimwambie mtu "una glakoma" kwa sababu amejibu ndiyo mara tatu, na msimwambie "huna" kwa sababu amejibu hapana zote. Linatusaidia kujua nani aende kwanza.

Maswali yake ni ya aina mbili, na nataka muelewe tofauti yake vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea.

Aina ya kwanza ni ya shughuli. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walichapisha dodoso la maswali 15 kwa ajili ya watu wanaojulikana tayari kuwa na glakoma, kujua maisha yao yameathirika vipi. Linauliza kuhusu kujikwaa, kupanda ngazi, kuvuka barabara, kutembea usiku, kutoka penye mwanga kuingia penye giza, kutafuta kitu kilichodondoka, kuona kinachokuja ubavuni. Nilipolisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini. Nilikuwa nimemwona baba yangu, swali kwa swali, akiwa mlangoni mwa jikoni ameshika mwimo.

Ya kwetu tumeyaweka kwa lugha ya hapa. Je, unapokanyaga ngazi ya daladala mguu unakosa? Je, watu wanakushtua kwa kutokea ghafla ubavuni? Je, umewahi kulaumiwa kwamba umempita mtu barabarani hukumsalimia, na wewe hukumwona? Hilo la mwisho msilidharau. Kwetu mtu asiyesalimia anaitwa ana majivuno, na wapo wazee waliogombana na majirani miaka mingi kwa ajili ya salamu, kumbe ni jicho.

Maswali haya muulizeni mwenyewe, halafu mkiweza muulizeni na mke au mume, pembeni, kwa heshima. Mama anajua kabla ya baba. Yeye ndiye anayefuta chai mezani. Na dereva wa bodaboda msimuulize mbele ya wenzake kijiweni. Kijana mmoja nilimuuliza hivyo, akacheka, akasema macho yake ni kama ya mwewe. Jioni alinifuata peke yake akaniambia mwezi huo ameshagusa vioo vya magari mawili upande wa kushoto na hajui imekuwaje. Aliogopa kwamba akisema, atanyang'anywa pikipiki. Mtu anayelinda mkate wa watoto wake hawezi kukujibu ukweli hadharani, na kosa linakuwa la muulizaji.

Lakini sikilizeni. Maswali haya ya shughuli, pamoja na uzuri wake, yanamkamata mtu ambaye ameshapoteza kingi. Mpaka mguu ukose ngazi, nyuzi nyingi zimeshakufa. Tukiyategemea haya peke yake, tutakuwa tunawaokota waliokwisha kuanguka.

Aina ya pili haiulizi jicho kabisa. Inauliza habari za mtu. Una miaka mingapi? Una kisukari? Unavaa miwani ya kuona mbali? Jicho limewahi kuumizwa, kwa fimbo, kwa kuni iliyoruka, kwa mpira, kwa ngumi? Umewahi kutumia matone ya macho kwa miezi mingi, ya kununua dukani bila kupimwa?

Niruhusuni nisimame kidogo kwenye matone. Hapa kwetu vumbi na chavua vinawasha macho ya watoto na vijana mpaka yanakuwa mekundu. Mama anaenda duka la dawa, anapewa kichupa chenye deksamethazoni au ndugu zake wa jamii ya steroidi. Mwasho unakata siku mbili. Basi kichupa kinakuwa cha nyumbani, kila ukiwasha kinatiwa, mwaka wa kwanza, wa pili. Dawa hizo kwa baadhi ya watu hupandisha presha ndani ya jicho, kimya kimya, hata kwa mtoto wa miaka kumi. Kwa hiyo mkifika nyumbani ombeni kuona kichupa chenyewe. Msiridhike na "natia dawa ya mwasho". Soma jina, liandike. Na msimwambie aache ghafla kwa amri yenu, mpelekeni akaonwe.

Sasa swali kubwa. Kama mvua ingenyesha karatasi yote ikalowa likabaki swali moja tu linalosomeka, ningependa libaki hili: nani kwenu aliacha kuona?

Uholanzi, mjini Rotterdam, walifuatilia ndugu wa kuzaliwa na watoto wa wagonjwa wa glakoma, wakachapisha mwaka 1998. Walikadiria kwamba mpaka kufikia miaka 80, ndugu na watoto wa wagonjwa watakaokuwa wamepata glakoma ni asilimia 22. Kwa wale ambao kwao hakuna mgonjwa, ni asilimia 2.3. Linganisheni wenyewe. Ni kama mara kumi. Hakuna swali lingine kwenye karatasi hii linalofikia nguvu hiyo. Na uzuri wake ni kwamba linauliza mapema. Linamkuta mtu wa miaka 42 ambaye hajajikwaa popote na chai anaimimina katikati ya kikombe, linamwambia nenda leo.

Ila halifai kuulizwa hivihivi. Ukisema, "Kwenye familia yenu kuna historia ya glakoma?" utajibiwa hapana, kwa sababu neno lenyewe hawalijui. Uliza nani aliacha kuona. Akikutajia babu, uliza: ilikuwa ghafla au polepole? Alifanyiwa upasuaji? Baada ya upasuaji aliona tena? Aliyeona tena, mara nyingi ilikuwa mtoto wa jicho. Aliyepofuka polepole, hakuuma, akaambiwa ni uzee, huyo muandike. Uliza pia nani kwenu anatia matone ya dawa kila siku asubuhi na jioni. Mzee wa kofia ananiinulia mkono. Kaka yako, mzee? Wa tumbo moja? Anatia tangu lini? Mwaka wa sita. Na wewe umewahi kupimwa? Hajawahi. Asante mzee wangu kwa kusema mbele ya watu. Tutaongea.

Mmeona ilivyotoka? Sikutaja glakoma.

Basi utaratibu wetu ni huu. Mtu wa miaka 40 na kuendelea ambaye ndugu yake wa damu ana ugonjwa huu au alipofuka polepole, anapelekwa, hata kama maswali mengine yote amejibu hapana. Msihesabu alama kwake. Aliye chini ya miaka 40 lakini baba au mama yake anayo, naye aandikwe, apangiwe. Wengine, angalieni ndiyo zao zikoje; jicho lililoumizwa na kichupa cha steroidi vina uzito kuliko kujikwaa mara moja gizani.

Mwisho wa karatasi kuna jambo la kufanya, la nusu dakika. Kaa mbele ya mtu, urefu wa mkono, mzibe jicho moja kwa kiganja chake mwenyewe. Mwambie akutazame puani. Muulize: masikio yangu yote mawili unayaona? Kidevu unakiona? Kuna sehemu ya uso wangu imeingia ukungu au haipo? Kisha jicho la pili. Lazima liwe jicho moja moja, kwa sababu yakiwa wazi yote mawili jicho zima linamfichia mwenzake. Wengine ndipo hapo wanapogundua kwa mara ya kwanza kwamba upande mmoja haupo. Mkikutana na mtu wa namna hiyo atashtuka. Msimkimbie kwenda nyumba inayofuata. Kaeni naye.

Na nikiwa hapo: mtu mwenye jicho jekundu linalouma sana, anaona duara za rangi kuzunguka taa, anatapika, huyo hana haja ya dodoso. Hospitali, siku hiyohiyo.

Mkimpeleka mtu kliniki, iwe hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, mwambieni mapema yatakayompata. Atatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa ataona ukungu na mwanga utamchoma. Aje na mtu wa kumshika mkono, na kama ni dereva aje kwa daladala. Atapimwa presha, atamulikwa nyuma ya jicho, huenda akapimwa uwanja wa kuona kwenye mashine ya vitaa. Akirudi nyumbani muulizeni kitu kimoja: walikutazama nyuma ya jicho? Kama alisoma ubao tu akaambiwa mzima, mrudisheni. Semeni nimewatuma mimi.

Akikutwa nayo, kuna tiba. Kuna matone, kuna mwanga wa leza, kuna upasuaji. Hapa hapa KCMC ulifanyika utafiti wa kulinganisha leza na matone ya timololi, majibu yakachapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale yaliyotiwa matone. Ni watu wetu hawa, na matokeo yao yanasomwa dunia nzima. Si kila jicho linafaa leza, daktari ataamua. Na mwenye pumu aseme mapema kabla hajapewa timololi, kwa sababu inaweza kumbana kifua.

Kitu ambacho nawasihi mkiseme kabla mgonjwa hajafungua kichupa cha kwanza: dawa hii haitakufanya uone vizuri zaidi. Utaitia leo, kesho, mwakani, na hutaona tofauti. Kutokuona tofauti ndiyo kazi yake. Asiyeambiwa hivi anatia mwezi mmoja, anaona haimsaidii, fedha anaipeleka kwenye ada ya mtoto. Nani atamlaumu?

Nirudi nyumbani kwetu mara moja. Baba alipofariki, tulikuwa tunajua jina la ugonjwa wake. Mimi nilikuwa muuguzi, nimeshaajiriwa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia shangazi yangu, dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa anaishi Tanga. Tulimpigia simu kumwambia habari za msiba, za matanga, za kugawana shamba. Hili hatukulisema, tuliona ni habari za baba na baba amekwenda. Shangazi alikuja kunitembelea kazini mwaka wa tatu baada ya mazishi, kunisalimia tu. Nikamwona anapapasa kiti kabla ya kukaa. Jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili tuliliokoa, na mpaka leo anatia matone yake. Kila nikimpigia simu anaanza kwa kuniambia, "Nimeshatia, mwanangu," kabla sijamuuliza.

Ndiyo maana nawaomba kitu ambacho hakimo kwenye karatasi. Mwezi Desemba sisi Wachaga tunarudi nyumbani. Mabasi yanajaa, Dar inahamia Marangu na Machame, ukoo mzima unakuwa kwenye kihamba kimoja kwa siku kumi. Hakuna kliniki duniani inayoweza kukusanya ndugu wa tumbo moja na watoto wao kwa urahisi kama huo. Kila mgonjwa wa glakoma mliye naye kwenye daftari, mfikieni mwezi Novemba. Mwambieni: wenzako wakija, waambie. Kabla ya mbuzi au baada ya mbuzi, mtachagua wenyewe, lakini waambie una ugonjwa gani na unaitwaje, na uwape karatasi. Wengine wataona haya, watasema ukoo utaonekana una mkosi. Kaeni nao. Waambieni mfano wa shangazi yangu, nimewapa ruhusa.

Karatasi ziko kwa dada pale mlangoni, kila mmoja achukue 20. Mwanzo wa kujaza ni hapa hapa: mgeukie uliyekaa naye, mzibe jicho, akutazame puani, halafu muulize habari za kwao. Mzee wangu wa kofia, wewe usiondoke. Nakuja kukaa hapo kwako.